Mkwe Wangu Hathubutu Kuniambia Nimekosea

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho na unisaidie, maana jambo hili siwezi kulipeleka kwa mchungaji, atacheka, wala kwa dada zangu, wao ndio watacheka zaidi, na hata mimi nikilifikiria peke yangu jikoni nacheka kidogo halafu kicheko kinakatika.

Mimi ni mjane, Mmethodisti wa hapa hapa Kamina, nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka mvi zikanijaa kichwani, na Kiingereza changu, sijisifu, wamisionari wenyewe walikuwa wananiita nitafsiri mahubiri yao. Mwanangu Josaphat anaishi Ubelgiji, upande wa Waflama, ameoa huko, na mwezi wa nane anakuja na mke wake pamoja na mama wa mke wake, Mama Godelieve, ambaye hajui Kifaransa, hajui Kiingereza, anajua lugha ya kwao tu, hiyo Kiholanzi ambayo sisi hapa tunaiita Kiflama. Sasa huyu mama, mshauri, ndiye aliyekaa na mwanangu hospitalini alipopasuliwa tumbo, mimi nikiwa huku napiga magoti bila viza wala njia, yeye alimlisha supu, alimfulia nguo, akamshika mkono usiku wa homa, alikaa mahali pangu, na mimi sijawahi kumwambia asante kwa mdomo wangu. Sitaki Josaphat anitafsirie. Mtoto hawezi kutafsiri asante ambayo yeye mwenyewe ndiye sababu yake, atalia, nami nitalia, na huyo mama atabaki anatutazama tu.

Basi nikaamua kujifunza. Josaphat akanitumia kitabu cha sarufi ya Kiflama kilichoandikwa kwa Kiingereza, na mwanzoni nilifurahi sana, kwa sababu hizo lugha mbili ni kama watoto wa mama mdogo na mama mkubwa, maji ni water kule na huku, kitabu ni book huku na boek kule, nikasema moyoni hii nitaimaliza kabla mahindi hayajakauka. Kumbe! Unaanza sentensi na kesho, au na jana, na mara kitenzi kinamruka mtu na kukaa mbele yake, unasema "kwa sababu", na kitenzi kinakimbilia mwisho kabisa, unakingoja kama tunavyongoja treni hapa gare, hujui kama kitafika. Kuhusu majina ya vitu Kiingereza kina neno moja dogo la kuyatangulia, Kiflama kina mawili, de na het, wenzangu ninaosoma nao wanalia, lakini mimi Kiluba changu kina ngeli tele, hayo mawili hayakunitisha. Nakwambia ukweli, tangu bwana yangu afariki sijapata kitu kilichonifurahisha hivi, naamka asubuhi natwanga huku nasema vitenzi.

Tatizo ni mwalimu. Kamina nzima sijaona mwingine anayefundisha isipokuwa Théo, aliyesomea kilimo huko kwa Waflama akarudi, anafundisha kikundi kidogo Jumamosi katika chumba cha nyuma ya kanisa, na huyo Théo ndiye bwana wa binti yangu Ndaya. Mkwe wangu! Unaijua buko, mshauri, ile haya iliyoko kati ya mama mkwe na mkwe, hatutazamani usoni, hatuli pamoja, kila neno linapitia kwa Ndaya, na ninamheshimu kwa hiyo maana ni kijana aliyelelewa. Anafundisha akiwa amegeukia dirisha. Ukurasa wa kuulizana majina aliuruka wote, alisema si wa lazima, kwa sababu ni nani atamwambia mama mkwe wake ataje jina mbele ya watu? Nikiwa na swali namwuliza Papy, kijana anayekaa karibu nami, kwa sauti kubwa, na Théo anamjibu Papy.

Na kila ninachosema ni kizuri, analiambia dirisha. "C'est bien, mama." "Muzuri sana, mama." Mimi nikavimba kichwa, nikaanza hata kuwasahihisha wenzangu tukirudi nyumbani. Mpaka Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tunasema tutafanya nini kesho, nikasema kesho mimi nitaenda sokoni, nikapanga maneno vile vile Kiingereza kinavyoyapanga, Théo akasema muzuri sana mama. Zamu ya Papy, naye akasema kesho mimi nitaenda gare, mpango ule ule, na Théo akaruka: "Non, non, Papy! Ukianza na kesho, kitenzi inatangulia, njo muntu anafuata!" Papy akashangaa, akasema, "Lakini mwalimu, mama njo alisema vile vile, na ulimuambia iko muzuri!" Théo akalitazama dirisha lake, jasho linamtoka, akasema, "Mama… mama iko na namna yake ya kusema. Weye fuata kitabu."

Watu walicheka mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia. Mimi pia nilicheka, lakini usiku sikulala, maana nilijiuliza, haya yote niliyosifiwa, ni mangapi yaliyo sawa? Nilimsomea Josaphat hotuba yangu ya shukrani kwa simu, akasema "iko bien, mama", naye ni mtoto, angesema nini? Nikamwuliza Ndaya, akasema bwana wake ananisifu kila siku mezani. Mshauri, mwezi wa nane unakuja. Naogopa kusimama mbele ya yule mama na asante iliyopinda. Niache masomo nimwachie Josaphat atafsiri? Au nifanye nini, na huyu mkwe wangu mwema asiyeweza kuniambia nimekosea?

Ni mimi, Mama Mwanafunzi, Kamina.

*Mama Mwila anajibu:*

Mama Mwanafunzi, kwanza pole, pili hongera, na tatu nina maneno nawe.

Masomo usiache. Umesema mwenyewe yanakupa furaha, na mtu wa umri wetu anayeamka akitwanga na kusema vitenzi asiguswe na yeyote. Na Josaphat asitafsiri. Hapo umeona sawa kabisa, usirudi nyuma.

Lakini umeniandikia kwamba tatizo ni mwalimu. Hapana, mama. Sifa ni tamu, nawe umezila muda mrefu bila kuuliza zimepikwa na nani. Ulifundisha miaka mingi. Mwanafunzi ambaye hakosei hata siku moja, wewe ungemwamini? Wenzako wote wanasahihishwa, wewe peke yako ni malaika, na hukushtuka mpaka Papy alipofungua mdomo. Usinikasirikie, nakwambia kwa kuwa Théo hawezi.

Na huyo Théo usimwone mwoga. Fikiria anachokifanya. Wakwe wengi ninaowajua wangefunga hicho chumba siku ile mama mkwe alipoingia na kitabu chake kwapani. Yeye alibaki. Amegeuza shingo yake dirishani Jumamosi baada ya Jumamosi ili wewe ujifunze na heshima yako isiguswe. Kumtaka aseme umekosea ni kumwomba avunje peke yake kitu ambacho hakukijenga yeye. Mlango huo mkwe hafungui. Anayefungua ni mama mkwe, na wewe umekaa unamngoja afungue, huku yeye anakungoja wewe. Na katikati mmemweka Papy wa watu, aliyekuja kujifunza Kiflama, mmemfanya kuwa simu yenu. Mwacheni kijana asome.

Sasa sikiliza. Wiki hii, si mwezi ujao, mwite Ndaya, na dada wa marehemu bwana yako awepo, maana jambo la buko halifanywi na mtu mmoja jikoni. Katika nyumba nyingi ninazozijua hutolewa kuku wa kulegeza buko, kwenu kama ni kitambaa au kitu kingine huyo shangazi atakwambia. Mpe Ndaya apeleke, na maneno yawe haya, usiongeze: "Umuambie bwana yako, minyi mama namuomba. Tukiwa mu masomo, minyi iko mwanafunzi sawa bale bengine. Anikatale, anirudilishe, asiogope. Tukitoka inje, buko inarudia pa fasi yake." Umeona? Akukatalie kosa na kukusahihisha bila woga, na nje buko inarudi mahali pake; hatutupi heshima ya wazee wetu. Tunaipumzisha nje ya mlango muda wa somo moja, na mkitoka mnaiokota. Mkwe wako atapumua, na shingo yake pia.

Jumamosi atakapokukosoa mara ya kwanza, itauma. Utasikia uso unawaka mbele ya wale uliokuwa unawasahihisha njiani. Usijitetee, usimwambie Kiingereza kinasemaje. Sema "ndiyo, mwalimu", kisha rudia sentensi. Ile hotuba yako isomee hapo hapo darasani, yote, aikate anavyotaka, wenzako wasikie na wao wajifunze.

Nimebaki na jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niichague barua yako kati ya nyingi. Nimeisoma mara mbili, nikitafuta kitu. Umeniambia vizuri kabisa habari za yule mama wa mbali aliyemtunza mtoto wako, mpaka mimi mwenyewe macho yakalowa. Kwa ajili ya asante yake unajifunza lugha nzima, sarufi yake na ukaidi wake, na Mungu akubariki kwa hilo. Ila hapa Kamina kuna kijana wa mama mwingine anayemtunza binti yako kila siku, na Jumamosi anakufundisha wewe bila wewe kutaja popote kwamba umewahi kumwambia neno. Hukuliandika, nami nadhani hukuliandika kwa sababu halijasemwa. Mama Godelieve, hata ukimchanganyia maneno, mshike mikono yote miwili, ataelewa umemjia kwa nini. Théo anaelewa lugha yako yote, Kiswahili, Kifaransa na Kiluba. Kwa asante yake hukuhitaji kitabu chochote. Ndaya akibeba huyo kuku, aanze na neno hilo, kabla ya ombi lako.