Siku Nne kwa Mtoto, Siku Tatu Kwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Mkasi, ndivyo anavyofahamika mtaani (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Chumba na sebule, nyuma ya soko la mbao
Tarehe: Jumatano, 19 Juni, saa 4:20 asubuhi

Mimi ni mke wa mtuhumiwa. Alinioa miaka mitatu iliyopita, akiwa ameshaachana na mke wake wa kwanza, ambaye ni muuguzi. Wana binti mmoja wa miaka kumi na minne. Binti hatembei, hawezi kujilisha, na ana kifafa. Mume wangu aliacha udereva ili amtunze, na serikali humlipa posho ya ulezi.

Kabla ya ndoa aliniambia, "Jumatatu hadi Alhamisi nalala kwa mtoto. Ijumaa hadi Jumapili ni zako." Nikakubali. Kukubali kwa mdomo hakuumi.

Mnamo tarehe 3 Juni, Jumatatu, saa moja asubuhi, alikuwa ameshaondoka. Nikifua suruali yake, nilikuta mfukoni nakala ya fomu ya kodi. Humo nilisoma kwamba posho ya ulezi haikatwi kodi iwapo mlezi anaishi nyumba moja na mgonjwa, yaani analala hapo zaidi ya nusu ya wiki. Vinginevyo inahesabiwa kama mshahara na inakatwa. Mimi na kodi hatuna ugomvi. Kilichonichoma ni pale palipoandikwa "Makazi ya kudumu". Alikuwa amejaza nyumba ya mtalaka wake. Chini yake, "Wanaoishi katika nyumba hiyo": yeye, binti, na yule mwanamke. Watatu, kama picha ya ukutani. Mimi sikuwemo hata kwa penseli.

Siku hiyo nilivunja sindano mbili, na gauni la mteja nikalishona ndani nje.

Kesho yake, tarehe 4 Juni, saa tatu asubuhi, nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vipuri linalotazamana na nyumba hiyo. Dirisha lilikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amempakata binti, na muuguzi, akiwa na sare za kazi, anamchana mtoto nywele. Mume wangu akasema neno, muuguzi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi hanichekeshi hivyo. Kwangu huja amechoka, anakula, analala.

Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya kodi, dirisha namba tano. Nikamwambia karani, "Huyu bwana anawadanganya. Analala kwangu kila siku."

Karani akauliza, "Siku zote saba, mama?"

Nikasema, "Saba." Akaandika, nikatia sahihi.

Afande ameniuliza kwa nini nilisema saba. Nilisema saba kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Jana, tarehe 18, saa mbili asubuhi, askari walimchukua mume wangu akiwa anamlisha mtoto. Saa tano muuguzi alikuja kibandani kwangu. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema, "Dada, mtoto hali. Amezoea mikono ya baba yake, na zamu yangu inaanza saa nane. Twende unisaidie."

Nikafunga mashine, tukaenda. Chumbani kwa binti niliona godoro jembamba sakafuni, limebanana na kitanda chake. Juu yake palikuwa na blanketi la mume wangu, lile nililolipinda ncha mwenyewe. Chumba cha muuguzi kiko upande wa pili wa korido. Alinifuma nikiutazama mlango wake.

"Dada," akasema, "mimi nilimwacha kwa sababu zangu, na zote bado ninazo."

Sikujua nicheke au nilie. Binti alikula vijiko vitatu kwangu, cha nne akanitemea. Nilibaki naye mpaka shangazi yake alipokuja saa kumi na mbili. Muda wote alikuwa anatazama mlango.

Bado nina wivu, afande. Hata godoro lile nalionea wivu. Umenionya kwamba nikikana maneno ya dirisha namba tano naweza kushtakiwa mimi. Nimeelewa. Fomu ile haina uongo. Mwongo ni mimi. Siku nne kati ya saba, mume wangu wa halali halali kwangu. Andika hivyo hivyo.

Nimesema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, na sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Nakala imepelekwa mamlaka ya kodi. Mtuhumiwa ameachiwa saa 8:30 mchana. Shahidi alikuwa akimsubiri langoni. Alimpa nauli ya kwenda kwa mtoto, kisha yeye akaondoka kwa miguu kuelekea soko la mbao.