Kiapo Changu cha Kutolala

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Je, goti lako limepata nafuu? Mimi ni mzima, kasoro usingizi. Niwie radhi kwa kukawia: barua yako ina miezi minne mezani pangu, na mara tatu nimeanza jibu nikalichana. Walimu wetu wa misheni wangenichapa kwa utovu huu wa adabu, na wangekuwa na haki.

Uliniuliza tena swali lile lile, kama dada yako, marehemu mke wangu, aliita usiku wake wa mwisho. Siku ya mazishi nilikuapia kwamba nilikaa macho kitini, kando ya kitanda chake, hadi alfajiri, na kwamba hakuniita.

Sasa sikiliza. Binti yetu, kwa kuchoshwa na malalamiko yangu kwamba sijalala tangu tumzike mama yake, alinipeleka kliniki ya usingizi. Mtaalamu wao, mama mmoja mcheshi, alinibandika nyaya kichwani, kidevuni na pembeni mwa macho, akanitania kwamba nimegeuka redio ya zamani. Nilijilaza nikihesabu mikwaruzo ya feni. Asubuhi nilimwarifu, kwa heshima zote, kwamba sikupata hata lepe la usingizi.

Alicheka, akasema wazee wote humwapia hivyo. Kwenye kompyuta alinionyesha mistari ya ubongo wangu, imekatwa vipande vya nusu dakika, kila kimoja kimepewa daraja lake: kuwa macho, usingizi mwepesi, usingizi mzito, ndoto. Kompyuta ilinihesabia saa nne na ushei za usingizi. Nilikataa, nikamwomba apitie mwenyewe kwa macho yake. Alikiri kwamba mashine hukosea kwa watu wa rika letu, maana mawimbi ya usingizi mzito hufifia uzeeni. Akapitia kipande baada ya kipande, nami nimesimama nyuma yake kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa. Kweli, makosa aliyakuta. Ila yote yalikuwa upande mmoja. Nilikuwa nimelala zaidi ya hapo, tena fofofo, saa zile zile nilizoamini nahesabu feni.

Yeye aliona amenipa habari njema. Mimi nilikumbuka usiku ule wa kitini, kando ya dada yako.

Nimeinuka kitini mara mbili tangu nianze aya hii. Wewe, Shemeji, ulizoea kunicheka kwamba nalala kama gogo huku nabisha. Na kuna jambo nililokuficha. Dada yako alipoishiwa sauti, tulikubaliana agonge kikombe kwa kijiko kila akinihitaji. Alfajiri ile nilikikuta kijiko sakafuni. Nilikiokota, nikakirudisha kikombeni kabla hujaingia, nikajiambia kwamba hakukigonga, maana mimi nilikuwa macho na ningesikia.

Sijui kama aliita. Hilo ndilo jibu langu, na kiapo changu nakiondoa. Tafadhali usinisamehe upesi.

Wasalimie wajukuu, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Anayekuletea barua hii ni binti yetu, pamoja na kijiko chenyewe, nimekifunga katika leso. Hajui ni cha nini. Ukiona vema, mweleze wewe, mimi nimeshindwa.

Wako kwa unyenyekevu,
Shemeji yako