Majina Matano Redioni

Jumatano, Kansanga. Mvua imetishia tangu asubuhi, halafu ikaenda kunyeshea watu wengine.

Shajara, na nyinyi mnaoisoma mtandaoni, kabla sijaanza kulalamika niseme ukweli mmoja: mimi ni mtu mwenye bahati kupita kiasi. Watu wengi Mungu aliwapa mama mmoja, na wengine hata huyo mmoja wanamnung'unikia. Mimi alinipa wawili. Mmoja wa kunizaa, mmoja wa kunilea, na wote wawili walinigombania kama paja la kuku siku ya Krismasi. Nimetembea Nairobi, Juba, Kigali, hata Dubai nimepita (niliishia uwanja wa ndege, lakini nilipita), na sijakutana na mtu mwenye bahati ya namna hiyo.

Huyo wa kunilea, Mama Rispa, alifariki Jumapili.

Kwetu ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, mji mdogo wa dhahabu wenye mashimo mengi kuliko milango. Mimi niko Kampala miaka mingi, natengeneza makochi hapa kando ya barabara ya Ggaba. Makochi yangu yamekaliwa na mabalozi wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka. Lakini kila siku ikifika saa saba mchana naweka nyundo chini, nafungua redio ya kwetu kwenye simu. Ndiyo inaniambia pampu ya shimo gani imeibwa, kwaya gani imegawanyika, nani ameangukiwa na udongo na nani ametolewa mzima. Baada ya habari huja matangazo ya vifo.

Mgeni hawezi kuelewa jambo hili. Kwetu mtu hajafa mpaka asomwe redioni. Na wewe si mtoto wake mpaka usomwe naye. Mtangazaji anasema, alikuwa mama mpendwa wa fulani, na fulani, na fulani aliyeko Kampala. Wanawake wanaacha kuosha mchanga wa dhahabu, mabeseni yanatulia, wanahesabu majina kwa vidole. Ukikosekana, kufikia jioni mji mzima una maoni juu yako.

Tangazo la Mama Rispa niliandika mimi. Nani mwingine? Kwenye familia ile mimi ndiye msomi, nilifika darasa la saba nikalipenda nikalirudia. Niliandika juzi, nikaweka majina sita ya watoto, nikamtumia mdogo wangu Kefa kwenye simu. Kazi yake ilikuwa kuyanakili kwenye karatasi, kuipeleka kwa chifu igongwe muhuri, na kuifikisha redioni. Bila muhuri hawasomi. Zamani watu walitangaziana vifo kwa utani, marehemu mwenyewe akijisikia akiwa anakunywa chai.

Nakiri kitu kimoja. Jina langu niliweka la kwanza.

Mimi ndiye mkubwa, basi. Sikutoka tumboni mwake, hilo halikuwa siri. Baba yangu alikuwa mchimbaji wa kuja, amepanga chumba kwa Mama Rispa na mumewe. Siku moja alishuka shimoni, hakupanda. Nilikuwa na miaka minne, nimekaa mlangoni na sufuria ya baba. Mama Rispa hakuitisha mkutano wowote. Alinichukua mimi na ile sufuria akatuingiza jikoni. Mwaka uliofuata alimzaa Kefa, nami nikambeba huyo Kefa mgongoni mpaka nikapinda kidogo upande wa kushoto. Wateja hudhani ni uzito wa makochi.

Sasa, leo. Kwa sababu mimi siwezi kufanya kitu kimya kimya, nilialika watu waje kusikiliza. Ssalongo wa buchari ya jirani, mafundi wangu, dada anayeuza parachichi. Nikaunganisha simu kwenye spika kubwa, nikawapangia viti ambavyo mteja hajavichukua. Nikawaambia, "Nyamazeni kabisa, mtasikia Kampala inatajwa Kenya."

Mtangazaji akasoma vizuri sana, sauti ya kanisani. Mama Rispa, mkaaji wa mahali fulani, aliyeugua kwa muda mfupi. Mama mpendwa wa Kefa. Wa Truphena. Akaendelea hadi wa tano. Halafu akasema mazishi ni Jumamosi, na muziki ukaingia.

Ssalongo alinigeukia. Yeye Kiswahili alikiokota jeshini, na anakirusha vile vile alivyokiokota.

"Kale, sawa, Barasa. Jina yako iko wapi? Ama wewe ndiyo ile muziki?"

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Nikawaambia redio za Kenya zina utaratibu, mtoto mkubwa anawekewa tangazo lake peke yake, ngojeni la pili.

La pili lilikuwa la ng'ombe mwekundu aliyepotea.

Hakuna aliyecheka tena. Dada wa parachichi alikumbuka ghafla kwamba ameacha biashara peke yake.

Nilidhani ni mtangazaji. Nilitaka sana awe mtangazaji. Nikapiga simu redioni nikiwa nimeshaandaa matusi ya heshima, akapokea yeye mwenyewe, dada mpole hata matusi yakakosa pa kutua. Akaniambia, "Kaka, mimi husoma kilicho na muhuri. Jina la kwanza lilikuwepo, lakini limekatwa kwa kalamu. Na aliyekata ametia sahihi pembeni."

Nikampigia Kefa. Nyuma yake nilisikia watu wanapigilia misumari. Mtu wa kazi yangu haulizi ni nini.

"Kefa, nilikutumia majina sita."

"Kaka, wewe njoo tu mazishini."

"Nakuja kama nani?"

 Aliniambia wazee walikaa jana. Akasema lile shimo la nyuma ya jikoni, lililokufa zamani, limeanza kutoa dhahabu tena. Na karatasi ya redio ikishagongwa muhuri, nakala yake inabaki kwa chifu, ndiyo itakayotumika kujua warithi. Aliyesomwa mtoto wa marehemu ni mtoto mpaka kwenye shimo.

"Kuna siku nimekuuliza habari ya shimo?"

"Wewe hujauliza. Watoto wako watauliza."

"Basi nipe karatasi nyingine, nitie sahihi kwamba shimo silitaki. Shimo chukueni, jina niachieni."

"Haviachani, kaka. Chifu anasoma majina tu, hasomi moyo."

"Nani alishika kalamu?"

Misumari ilikuwa imenyamaza.

"Mimi."

Halafu simu ikakatika, au aliikata. Leo sitaki kujua ni ipi.

Na bado ananiita kaka! Amenikata kwa kalamu asubuhi na mchana ananiita kaka mara mbili, bila kujikwaa. Wazee ningewasamehe. Wazee wale waliniita "mtoto wa mpangaji" mpaka nikaota ndevu, nimewazoea kama kunguni wa kitanda cha zamani. Lakini Kefa alijifunza kutembea akiwa ameshika suruali yangu. Suruali yenyewe haikuwa na mshipi, kwa hiyo alipotembea yeye, mimi nilibaki uchi. Hiyo hadithi nimewasimulia watu wote wa Kansanga kwa kujivunia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifungue blogu hii badala ya chupa.

Jana jioni nilikuwa nimepeleka karatasi nyingine ya tangazo hilo hilo kwa Mama Zaina. Huyu ni Mnubi, mzaliwa wa hapa hapa Kampala, na ndiye mwenye kizindaalo cha soko letu. Kwa wasomaji wa mbali: kizindaalo ni vile vipaza sauti wanavyofunga juu ya nguzo ndefu, na chini yake kuna kijumba chenye maiki. Mtoto akipotea, mbuzi akipotea, mtu akifa, soko zima linasikia. Mama Zaina husoma kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu Wakenya na Wakongo. Tulikubaliana asome leo saa kumi na moja, soko likiwa limejaa.

Nilikwenda mbio kumzuia.

"Mama Zaina, lile tangazo langu usilisome."

"Kwa nini, amefufuka?"

Nikamweleza. Nilimweleza nimesimama, kwa maneno machache, na kwa mtu kama mimi huo ni ugonjwa. Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wewe Mkenya, mdomo wako wote ule umekwenda wapi leo?"

"Angalau badilisha. Usiseme mama yake. Sema mlezi wake. Nisije kuonekana ninadai kitu."

Akafungua daftari lake, akatoa karatasi yangu, akailaza mezani. Juu yake akaweka kalamu.

"Badilisha wewe. Mimi kazi yangu kusoma. Mama wa mtu mimi sikati."

Niliishika ile kalamu. Nasema kweli, niliishika na nikaielekeza kwenye neno. Neno lenyewe ni fupi, mstari mmoja tu unalimaliza. Nikamwona Kefa amekaa kwa chifu, na wazee nyuma ya shingo yake, na kalamu kama hii. Kumbe ni rahisi hivi. Kumbe inahitaji tu kuogopa watu kidogo.

Nikairudisha.

Saa kumi na moja vipaza sauti vilikwaruza, na soko lote likasikia kwamba Barasa wa makochi amefiwa na mama yake mzazi, Mama Rispa, huko Kenya. Neno "mzazi" mimi sikuliandika! Lilikuwa la Mama Zaina mwenyewe, mwongo mkubwa yule. Muuza kanda za muziki alizima muziki wake. Ssalongo alitoka na kisu mkononi, akakumbuka, akakificha nyuma. Mama mmoja wa ndizi ambaye hata simjui alinishika mikono yote miwili, akanipa pole kwa Kiganda, "Bambi, nga kitalo, mwanangu," na mimi nikamwachia mikono yangu kama mtoto.

Nilifarijika. Pia nilijisikia kama mtu aliyeiba kitu chake mwenyewe. Yote mawili kwa pamoja, na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa asubuhi napanda basi. Wakinikalisha kwenye hema la wageni nitakaa, nitakula chakula cha wageni, nitasema asante. Karibu na lile shimo sitapita, hata nikienda choo nitazunguka upande wa pili. Kefa nitamwamkia kwanza, kwa sababu nikisubiri yeye aanze tutazeeka. Lakini watoto wakiitwa kutupa udongo, sitangoja jina langu. Nitainuka. Wakinizuia je? Sijui. Nitapigana mazishini, mtu mzima na kipara changu? Nitarudi kukaa? Nimejiuliza tangu jioni na kila mara najibu tofauti.

Jambo la mwisho, maana leo nimechoka na karatasi zinazodanganya. Pale mwanzoni nimeandika uongo. Hakuna mama wawili, na hakuna aliyenigombania. Aliyenizaa aliniacha kwa baba kabla sijaanza kutembea, sura yake siijui, na hajawahi kuniulizia. Nilikuwa na mama mmoja tu, na Jumamosi wanamzika.