Jino la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1957
Meno matano leo. La mwisho la mvuvi wa kijiji cha Swima, jitu zima, kashika mkono wangu kama mtoto. Bega linaniuma. Muuguzi mkuu wa zahanati hapendi meno, kwa hiyo yote ni yangu mimi msaidizi wake. Nami nayapenda, Mungu anisamehe. Mtu anaingia analia, anatoka anacheka na pamba mdomoni. Kazi gani nyingine iko hivyo?
Barua ya chuo imefika. Kabla ya kuomba shule ya meno, lazima kwanza nichague somo la chuo. Sayansi: miaka mitatu, Elisabethville, kemia na elimu ya viumbe, ndipo niombe. Ualimu: mwaka mmoja, huku kwetu Fizi, na habari ya meno imekwisha. Fomu ina nafasi ya neno moja tu. Lori la posta linaondoka tarehe 14.

Jumanne, 4 Juni
Baba mdogo wa mchumba wangu Anyesi kaleta ujumbe. Mama Anyesi anataka mkwe mwalimu. Kuchokoa vinywa vya watu si kazi ya mume wa binti yake. Tena miaka mitatu ni mingi, binti si gunia la muhogo la kuwekwa darini.
Nimekasirika mchana kutwa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuhusu miaka mitatu anasema kweli. Anyesi kasema niandike ninachotaka, kisha akatazama ziwa. Nampenda mno.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Anyesi ana jino bovu. Shavu limevimba, siku ya nne hajalala. Haji kwangu. Atakujaje? Kwetu mtu na mama mkwe hawatazamani usoni. Akiniona njiani huingia shamba la watu mpaka nipite. Leo nimwangalie kinywani kwa taa?
Mwingine wa kung'oa yuko mbali, Nundu, na kwa hali ile Mama hafiki kwa miguu. Mficha uchi hazai, lakini nani atamwambia mkwe maneno hayo? Si mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Kaja! Ni akili ya Anyesi. Mama kafunikwa kitambaa uso mzima, umeachwa upenyo kwenye mdomo tu. Anyesi kashika kichwa, akanielekeza: chini, kulia, nyuma. Mimi kwa heshima niligeuza uso dirishani, nikatafuta kwa kidole. Magego mawili yamekaa jirani, yote yana tundu. Nikachoma sindano ya ganzi, nikakamata moja, nikavuta. Likatoka zima, na mizizi yake. Mama akapiga makofi matatu ya polepole ya kushukuru, akaenda zake.
Nimerudi nyumbani nikiimba. Mkwe gani mwingine mji mzima wa Baraka kafanya hivyo?

Jumatatu, 10 Juni
Meno mawili, jipu moja. Bado najisifu.

Jumanne, 11 Juni
Anyesi kaja analia. Nimeng'oa jino lisilouma. Lile lenyewe bado limo. Mama alijua palepale ganzi ilipoisha. Akanyamaza siku tatu, kwa sababu mkwe haaibishwi. Anakunywa uji kwa upande mmoja na sasa ana homa.
Sikuangalia. Ndivyo ilivyo, hakuna cha kujitetea. Niliona haya kutazama, nikamng'oa mzazi wa watu jino kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Nimetuma dawa ya homa kwa mkono wa Anyesi.
Nimeijaza fomu kwa penseli: Ualimu. Ubao hautoki damu.

Jumatano, 12 Juni
Mama Anyesi kaja peke yake. Asubuhi, foleni imejaa, bamama wa sokoni wote wanaona. Hana kitambaa. Kakaa kitini mwangu, akanitazama machoni. Sijawahi kuuona uso wake wote. Anyesi kachukua macho yake, sikujua.
Akasema, "Elia, mutoto yangu, leo hakuna bukwe ya kufichana uso. Angalia muzuri."
Akafungua kinywa. Nikaangalia. Nikasogeza taa karibu. Gego la nyuma kabisa, jeusi, na fizi nyekundu imelizunguka. Hata mtoto angeliona. Usaha ulitoka, kisha jino. Akashika mkono wangu mpaka maumivu yakapungua.
Nikamwambia basi, nitakuwa mwalimu kama alivyotaka. Akatema damu kwenye beseni, akafuta mdomo.
"Hapana. Mukono yako iko na nguvu. Macho ndiyo iliogopa. Enda kule bakufundishe kuangalia bantu."
Nikauliza, na Anyesi?
"Anyesi atangoja. Nitamungojesha mimi mwenyewe."
Nililia mbele ya foleni. Wacha wacheke.

Alhamisi, 13 Juni
Nimepeleka kuku mweupe kwa baba mdogo wa Anyesi, kufuta aibu ya jana, maana mwiko ni mwiko hata ukivunjwa kwa jambo jema. Kampokea kuku vizuri. Kauliza kama naweza kumtazama na yeye, ana la mbele linacheza.
Homa ya Mama imeshuka.

Ijumaa, 14 Juni
Nimefuta penseli, nikaandika kwa wino: Sayansi. Dereva katia bahasha kwenye mfuko wa posta. Anyesi alikuwa kando yangu. Kasema atalima muhogo misimu mitatu, basi, nitakuwa nimerudi, tuoane, ndipo niombe shule yangu ya meno. Mkono wake ulikuwa baridi.
Jioni, njia ya sokoni, Mama Anyesi alikuwa anakuja na beseni la dagaa kichwani. Kaniona. Kageuza uso, kaingia shamba la watu kama inavyotakiwa. Mimi nikaelekea ukuta wa duka, nikasimama kwa adabu mpaka apite.
Nilichungulia kidogo. Shavu limerudi sawa.