Si Mtoto wa Jicho

Mweiga, Jumapili

Mdogo wangu Wairimu,

Sauti moja haijanitoka masikioni tangu jana: kokoto likigonga sufuria. Cucu alikuwa akichagua maharagwe mlangoni, ukungu wa milima ya Aberdare umefika hadi zizini, na mawe akayatia sufuriani pamoja na maharagwe. Nyanya yetu huyu aliyetucheka tukisahau jiwe moja! Siku hizi akitaka kuniona hutazama sikio langu. Katikati ya uso, anasema, pana moshi.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka kwa daktari wa macho, Nyeri. Daktari aliniita kando. "Ungekuwa mtoto wa jicho tungeutoa," akasema. Mtoto wa jicho, alinieleza, ni protini za lenzi ya jicho zinazoharibika kwa uzee, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe motoni. Lakini macho ya Cucu yamechakaa kwa nyuma, pale padogo tunapotambulia sura za watu, na hakuna dawa.

Mama aliagiza kwa simu kutoka huko Nakuru tumwambie atapasuliwa mvua ikiisha. Tangu hapo kila asubuhi Cucu aliniuliza, "Ati mvua hii itaisha lini, mwalimu?"

Leo tulipotoka kanisani nilimwambia ukweli. "Na mimi nangoja mvua iishe!" akasema. "Nipeleke Karatina kesho, nimwone dada yangu kabla uso wake haujapotea."

Nakukumbatia, mdogo wangu. Baridi ya Nakuru isikuumize. Najua Mama ataisoma kadi hii kabla yako. Ndiyo maana sikuitia bahashani; naye ajue.

Dada yako,
Nyambura