Tovuti Mbili na Hadithi ya Asenaca

Vunivau,
Labasa, Fiji.
14 Juni

Mpendwa binamu Asenaca,

Pokea salamu za kijana mwenye akili kuliko wote kisiwani Vanua Levu. Shule yenyewe iliishiwa na vya kunifundisha nikiwa kidato cha pili, ikaniomba nikapumzike. Hujambo lakini? Na Shangazi, mgongo wake unaionaje baridi ya Brisbane? Sisi wazima. Bibi Laisani anakohoa kidogo, ila kanisani bado anawafunika wote kwa sauti.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu huujibu tena. Mama yako katuambia umeumizwa na maoni ya mtu chini ya hadithi yako, kwenye tovuti ya wale wachapishaji wa Suva. Eti mwisho wa mwezi unaiondoa, uipeleke kwa wale wa Melbourne, au uache kuandika kabisa.

Basi nimezikagua tovuti zote mbili pale maktaba ya mjini, rafiki yangu Rupeni akiwa shahidi.

Ya Melbourne inameremeta kama keki ya harusi. Hapo hapo nikaanza kushuku. Sijasoma hata mstari, wananiuliza tarehe ya kuzaliwa, barua pepe ya mama na jina la mbwa wangu. Mbwa wangu wa nini? Wanataka kumposa? Kuna na mchezo wa kukuambia unafanana na mhusika gani. Nikajibu kwa uaminifu wote, nikaambiwa mimi ni binti mfalme. Rupeni akapiga goti: "Mtukufu, nikubebee mihogo?" Mpaka leo ananiita hivyo mbele za watu.

Halafu soma maoni ya wasomaji wao. Wote wamelia, wote wamelia hadi asubuhi, na hakuna aliyekosea hata nukta. Vijana gani hao? Mimi naona ni mtu mzima mmoja tu, ana chai mezani na mshahara.

Ya Suva imepooza kama tangazo la msiba. Lakini sura ya kwanza inafunguka bila kuulizwa habari za mbwa, na watu wanabishana kweli. Mmoja kasema mwisho wa hadithi yako haukumkolea, mwenzake akamrukia: "We kaka, umesoma au umeangalia picha?" Hao ndio wasomaji. Usiwakimbie.

Bibi anakubusu. Baba anauliza lini utakuja kwa mjomba wako ule magimbi ya maana.

Sasa yale maoni, kwamba hadithi imeandikwa na mbuzi aliyelewa na mwandishi arudi jikoni. Unamshuku msichana wa darasani kwako. Mwache. Ni mimi. Niliisoma mara mbili kwa furaha, nikakutania kama mabinamu tunavyotaniana huku, kwa jina la uongo ili ucheke ukinigundua. Nikasahau kwamba umekulia huko, na kwamba kwenye kioo cha simu hakuna anayeniona nikicheka. Nikakaa nasubiri unirudishie tusi kubwa zaidi. Kumbe umeumia.

Mungu akushike mkono unaoandikia.

Ni mimi binamu yako, nakupenda, na bado nasubiri kutukanwa,

Isimeli