Ngoma Iliyoziba Kushoto

Kasulu, Alhamisi jioni

Bado nacheka peke yangu, na bado naogopa.

Mara tatu nimemwomba bosi wetu, Mzee Rajabu, mafuta ya taa nisafishe mashine ya kurudufu. Wino umekauka kwenye vitundu vya ngoma yake, lile silinda linalozunguka, upande wa kushoto, na mwanzo wa kila mstari hautoki. Jibu lake ni lile lile: "Bi Tabu, usinitafutie gharama."

Leo akaniletea tangazo la watumishi: "Hakuna ruhusa ya kwenda sokoni saa za kazi." Nakala ya kwanza ilitoka bila zile herufi mbili za mwanzo. Ningeweza kusimama hapo hapo. Sikusimama. Nilizungusha mkono wa mashine mpaka nakala zikatosha, nikazigawa.

Kufika saa nne ofisi ilikuwa tupu. Hata mhasibu alikuwa ameenda kununua ndizi.

Mzee Rajabu akanijia na karatasi mkononi. "Nani kawapa ruhusa?"

"Wewe, Mzee. Imeandikwa 'kuna ruhusa'."

Akasoma. Akasoma tena. Akamtuma dereva dukani mbio, naye akarudi na mafuta ya taa. Nikaisugua ngoma kwa mswaki mkuukuu mpaka vitundu vikazibuka, na "Hakuna" ikatoka nyeusi tii.

Mlangoni akageuka. "Bi Tabu, kweli hukuona kasoro mapema?"

"Mimi napiga chapa tu, Mzee. Maneno ya wakubwa siyasomi."

Hakuniamini hata kidogo. Lakini naapa, masharubu yake yalicheza.